Barua Zisizofika: Ulezi, Riziki na Hamu ya Kwao katika Maandishi ya Salme binti Said

Mnamo Agosti 1870, mjini Hamburg, mwanamke aliyekaribia umri wa miaka 26 aliachwa mjane na watoto watatu. Mkubwa wao, Antonie, alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Wa pili, Rudolph, alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Wa mwisho, Rosalie, hakuwa ametimiza miezi minne. Baba yao, mfanyabiashara Heinrich Ruete, alikufa kutokana na ajali ya tramu. Mjane huyo anajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Kwao Unguja alikuwa Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856.

Maandishi ya Salme yamesomwa sana, ila aghalabu yamesomwa kwa njia mbili. Wapo wanaoyasoma kama kisa cha mapenzi: binti wa kasri aliyetoroka kwa meli ya Kiingereza mwaka 1866 akamfuata Mzungu. Na wapo wanaoyasoma kama waraka wa siasa, wakimwona mwandishi kuwa karata moja katika mchezo wa Bismarck wa kujipatia makoloni katika Afrika ya Mashariki. Njia hizo zote mbili zina ushahidi wake wala hazina haja ya kupuuzwa. Hata hivyo, zote zinawaacha wale watoto watatu chumbani na kufunga mlango. Makala haya yanashikilia kwamba chumba hicho ndicho kiini cha maandishi yenyewe: kwamba hamu ya kwao anayoieleza Salme haiwezi kufahamika pasipo ulezi wa watoto wachanga na utafutaji wa riziki, na kwamba mambo hayo matatu ndiyo yaliyoamua hata umbo la maandishi aliyoyachagua.

Maandishi yanayohusika ni mawili. La kwanza ni tawasifu iliyochapishwa Berlin mwaka 1886 kwa jina la Memoiren einer arabischen Prinzessin, ambayo hapa itaitwa Kumbukumbu. La pili ni mkusanyiko wa barua, Briefe nach der Heimat, yaani barua za kwenda nyumbani, ambao haukuchapishwa katika uhai wake. Mswada wake ulihifadhiwa Leiden pamoja na vitabu na karatasi nyingine za familia, na wasomaji wengi waliufahamu kwa mara ya kwanza kupitia tafsiri ya Kiingereza iliyohaririwa na E. van Donzel na kuchapishwa na Brill mwaka 1993. Kitabu cha pili, ambacho hapa kitaitwa Barua, hakijahakikiwa vya kutosha miongoni mwa wanafasihi ya Kiswahili. Sababu yake ni dhahiri: kiliandikwa kwa Kijerumani. Ule mjadala mkongwe wa kutofautisha fasihi ya Kiswahili na fasihi kwa Kiswahili, ambao umekula karatasi nyingi katika majarida ya vyuo vyetu, ungeweza kurefushwa hapa hadi msomaji asinzie. Inatosha kusema kwamba lugha ya andiko ni kigezo kimoja tu. Kigezo kingine ni mkondo wa utanzu, na kwa kigezo hicho Salme ana jamaa wa karibu katika upwa wa Kenya.

Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, na utendi wenyewe unasikika kama sauti ya mama anayehofia kwamba hatapata muda wa kusema yote. Alifariki yapata miaka miwili baadaye. Katika mwaka huo wa 1858 Salme alikuwa msichana wa miaka 14 huko Unguja. Miongo miwili ilipopita, naye akajikuta katika hali ile ile. Anaeleza katika dibaji ya Kumbukumbu kwamba alianza kuandika kwa ajili ya wanawe, ambao hawakujua habari za asili yake zaidi ya kwamba mama yao ni Mwarabu aliyetoka Zanzibar. Tena kwamba alikuwa amechoka mwili na roho, na hakutarajia kuishi hadi awaone wakiwa watu wazima. Mama mgonjwa, watoto ambao hawajakua, kalamu badala ya muda: huo ndio msingi wa wosia katika fasihi ya upwa, na Kumbukumbu zinasimama juu yake hata kama ni nathari na hata kama ni za Kijerumani.

Kulinganisha huku kusiishie kwenye mfanano, kwa maana tofauti ndiyo yenye kufundisha zaidi. Wosia wa Mwana Kupona umejengwa kwa amri. Mama anamwambia binti akae karibu, achukue wino na karatasi, kisha anamwelekeza namna ya kuenenda na Mungu wake, na mume wake, na watu wa daraja mbalimbali. Amri hizo zinawezekana kwa sababu mama anaujua ulimwengu ambao binti anauingia. Ni ulimwengu wake mwenyewe. Salme hana amri ya kutoa. Wanawe wanaingia katika shule, kanisa, jeshi na baraza za Wajerumani, mahali ambapo yeye mwenyewe bado anajifunza pa kukaa na pa kusimama. Kwa hiyo sura za Kumbukumbu zinazohusu malezi zinasimulia tu: mtoto wa kasri alivyozaliwa, alivyofungwa vitambaa, alivyovishwa hirizi, alivyopelekwa chuoni, alivyocheza Bet il Mtoni. Pale ambapo Mwana Kupona anasema fanya, Salme anasema tulifanya. Njeo iliyopita imechukua nafasi ya hali ya kuamuru. Huo ni wosia uliokatwa ulimi wake, na mhakiki anayetafuta huzuni ya mwandishi katika maneno ya huzuni pekee atapitwa na huzuni hii iliyo katika sarufi.

Inafaa kutaja hapa, ingawa ni pembeni kidogo, kwamba binti yule mkubwa, Antonie, alipokuwa mke wa afisa wa kikoloni wa Kijerumani alichapisha mwaka 1907 kitabu cha mapishi kwa ajili ya wanawake wa Kijerumani waishio katika nchi za joto. Mama aliyezaliwa katika nchi ya joto hakuweza kumwamuru binti namna ya kuendesha nyumba. Binti akaja kuwaelekeza wengine namna ya kuendesha nyumba katika nchi za namna hiyo. Wanaopenda kejeli katika historia wana mfano wa kutosha.

Barua zinafuata utanzu mwingine, yaani waraka. Mwandikiwa ni rafiki wa kike aliyebaki nyumbani, asiyetajwa jina. Mbinu hii inageuza mwelekeo wa Kumbukumbu. Katika Kumbukumbu, Unguja inaelezwa kwa msomaji wa Kijerumani asiyeijua. Katika Barua, Ujerumani inaelezwa kwa mtu wa Unguja: baridi, milango inayofungwa daima, macho ya watu yanayomfuata mgeni barabarani, karamu ambazo hana hakika lini acheke. Mkono mmoja unaandika kuelekea pande mbili, na kila upande unahitaji kufafanuliwa upande wa pili. Baina ya pande hizo wapo watoto, ambao hawahitaji kufafanuliwa Hamburg, kwa kuwa ndiyo dunia yao, na ambao Unguja kwao ni hadithi.

Hapa ndipo panapojitokeza jambo ambalo wahakiki hawajalipa uzito unaostahili. Barua hizi ziliandikwa kwa Kijerumani kwa mtu ambaye, kama mwanamke wa Unguja wa miaka ile, asingeweza kuisoma lugha hiyo. Yamkini mwandikiwa ni mtu halisi. Yamkini ni umbo la kubuni tu. Kwa vyovyote vile, zilivyoandikwa hazikuweza kumfikia. Watu wa karibu walioweza kuzisoma ni watoto wale wale waliokuwa wakilelewa wakati matukio yanayosimuliwa yalipokuwa yakitokea. Waraka unajifanya kwenda Unguja, kumbe unapita juu ya vichwa vya watoto ili urudi kwao watakapokuwa wakubwa. Mama hakuweza kuwaambia watoto wa miaka miwili na mitatu kwamba amekumbuka kwao na kwamba amechoka. Akamwambia rafiki asiyekuwepo, kwa lugha ya waliokuwepo.

Suala la lugha lina upande wake wa nyumbani pia. Heinrich Ruete alikuwa ameishi Unguja kwa biashara na ndiye aliyekuwa daraja la mkewe katika mji mgeni. Alipofariki, daraja likavunjika wakati watoto wawili wa mwisho hawajaanza kusema sawasawa. Kila mlezi anajua kwamba umri huo ndio mtoto anapochuma maneno kutoka kinywani mwa mama. Salme alilazimika kulea kwa lugha aliyojifunza ukubwani. Bembelezi, vitendawili, majina ya vyakula na ya jamaa, utani wa bibi kwa mjukuu, vyote hivyo havikuwa na watu wa kuvishikilia. Ulezi katika fasihi simulizi yetu una wahusika wengi, na kila mhusika ana utanzu wake. Nyumba ya Hamburg ilikuwa na mhusika mmoja. Upweke unaorejewa mara kwa mara katika Barua unasomeka vyema zaidi ukichukuliwa kuwa upungufu wa wahusika kuliko ukichukuliwa kuwa tabia ya mwandishi.

Kuhusu riziki, maelezo yanaweza kuwa mafupi. Sheria ya wakati ule haikumpa mjane mamlaka kamili juu ya mali ya watoto wake. Madai yake ya urithi huko Zanzibar hayakukubaliwa. Akalazimika kuhama mji mmoja hadi mwingine akipunguza matumizi, na akafundisha Kiarabu ili apate fedha. Kumbukumbu zenyewe zilikuwa sehemu ya utafutaji huo. Linalostahili kusisitizwa ni asili ya chombo chake cha kazi. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana wa kasri walifundishwa kusoma bila kuandika. Akiwa na miaka 15, ujuzi huo ulimfanya kuwa mwandishi wa barua katika njama za kaka yake Barghash za mwaka 1859 dhidi ya kaka yao Majid, na uhasama wa ndugu ulianzia hapo. Kalamu iliyomtenga na nduguze ndiyo iliyokuja kulisha wanawe. Mwandishi hapambi jambo hili, na pengine ndiyo maana limepita bila kuonwa.

Kilele cha mgongano baina ya watoto na jamaa kimo katika sura ya Kumbukumbu inayosimulia safari ya London mwaka 1875. Barghash, aliyekuwa sasa Sultani, alikuwa amealikwa Uingereza. Salme alifunga safari kwenda kutafuta suluhu naye. Huko alikutana na Sir Bartle Frere, yule yule aliyekwenda Zanzibar mwaka 1873 kumshinikiza Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Frere alimwekea mbele mambo mawili achague: kupatana na jamaa zake, au kuhakikishiwa mustakabali wa watoto wake. Akikubali kutomwona kaka yake, watoto wangetunzwa. Mama alichagua watoto. Baadaye ahadi haikutimizwa.

Sura hii husomwa kama ushahidi wa hila za kidiplomasia, na hila zimo. Lakini swali la Frere lina kasoro ambayo msomaji wa Kiswahili anapaswa kuiona kabla ya kufika kwenye hila. Swali linachukulia kwamba watoto ni jambo moja na jamaa ni jambo lingine. Katika mfumo wa ujamaa aliokulia Salme, Barghash kwa watoto wale hakuwa mtawala wa nchi ya mbali, alikuwa mjomba. Mjomba ana haki na ana wajibu, na mpwa ana mlango wa kubisha. Kumtaka mama achague baina ya kaka yake na mustakabali wa wanawe ni kumtaka aukate mkono mmoja ili aokoe vidole vyake. Msimulizi hatumii neno mjomba, wala Kijerumani hakina neno linalobeba uzito wote huo. Lakini mwenendo wake mwaka 1885, aliporudi Unguja kwa meli ya Kijerumani akiwa amewachukua watoto wake, wakati huo vijana wa miaka 15 hadi 17, unaeleweka zaidi kwa mantiki ya ujamaa kuliko kwa mantiki ya Bismarck. Alikuwa akiwapeleka kwa mjomba wao. Watu wa mji walimlaki barabarani, mjomba hakuwapokea. Kwamba serikali ya Ujerumani ilimtumia katika safari hiyo ni kweli, na kwamba naye alikubali kutumiwa ni kweli pia. Hayo mawili hayaondoi la tatu.

Mpaka hapa uhakiki umesimama upande wa Salme. Ungeishia hapo ungekuwa umempendelea. Hamu yake ya kwao inastahili kuulizwa swali gumu zaidi: aliikumbuka mikono ya nani? Ulezi anaousimulia katika Kumbukumbu, ule uliokuwa mwepesi na wenye furaha ukilinganishwa na wa Hamburg, haukuwa ukifanywa na mama peke yake, wala na mashangazi na bibi peke yao. Mtoto wa kasri alikuwa na mnyonyeshaji na walezi ambao walikuwa watumwa. Katika sura yake juu ya utumwa, mwandishi anautetea utaratibu huo na kudai kwamba utumwa wa nchi za Mashariki usilinganishwe na ule wa Marekani. Utetezi huu umemletea lawama hata katika zama hizi. Mwaka 2019 uwanja mmoja mjini Hamburg ulipewa jina lake, na mwaka uliofuata ikaamuliwa jina hilo liondolewe kwa sababu ya kauli hizo. Kuondoa kibao ni jambo la halmashauri ya mji. Kazi ya mhakiki ni kuonyesha jinsi utetezi huo ulivyoshonwa ndani ya hamu yenyewe. Mama aliyechoka, asiye na msaidizi wa kumshikia mtoto, anapoukumbuka wepesi wa ulezi wa kwao, anakumbuka kazi ya watu wasiokuwa na uhuru wa kukataa. Uchungu wake ni wa kweli na msingi wake una dosari; msomaji hana budi kuyashika yote mawili.

Fasihi yetu imelisimulia jambo hili kutoka upande wa pili. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi (1978), Kijakazi anatumika katika nyumba ya bwana kwa uaminifu usiolipwa, na riwaya inamlazimisha msomaji autazame uaminifu huo kama jeraha. Kitabu hicho kisomwe sambamba na Kumbukumbu katika madarasa ya uzamili, kwani kila kimoja kinamjaza mwenziwe pale alipopungukiwa. Shafi hana nafasi ya kutosha kwa upweke wa mabwana. Salme hana nafasi kabisa kwa upweke wa walezi wake. Wanawake hao walitolewa bara, mbali na mama zao, wakawekewa mikononi watoto wa watu wengine. Nao walikuwa na kazi, walikuwa na mtoto wa kulea, walikuwa na kwao. Hawakuwa na mfupa wa ngamia.

Ajabu ni kwamba Salme anao ufunguo wa kuwaona, na mahali pamoja anakaribia kuutumia. Ni pale anaposimulia habari za mama yake mzazi, Jilfidan. Mama huyo alikuwa Mcherkesi, binti wa mkulima, aliyeporwa katika vita akiwa mtoto mdogo, akatengwa na kaka yake na dada yake, akaletwa hadi nyumba ya Sayyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane. Mwandishi anataja kwamba jino lake la kwanza la utotoni lilimtoka akiwa tayari katika nyumba hiyo. Kwa jino hilo moja msomaji anaonyeshwa mtoto anayelelewa mbali na kwao, bila maelezo zaidi. Jilfidan alikuja kuwa suria, mama, na bibi mwenye watumishi wake. Binti yake akaja kulea watoto watatu katika nchi ambayo mama yake hakuiona, akiwa na hamu ya kisiwa ambacho mama yake aliletwa kwa nguvu. Kumbukumbu zinausimulia msiba wa Jilfidan kwa upole wa binti, halafu kurasa kadhaa mbele zinautetea utaratibu uliouleta, na sentensi hizo mbili hazikutanishwi popote. Tafsiri yoyote ya Kiswahili ya maandishi haya itakayotumika vyuoni haina budi kuamua, neno kwa neno, iwapo wanawake wa kasri wataitwa walezi, mayaya, wajakazi au watumwa. Kijerumani cha Salme kiliweza kuikwepa baadhi ya mipaka hiyo. Kiswahili, ambacho ndicho walichosemeshwa, hakitamruhusu mfasiri kuikwepa.